Kabla ya Kupiga Format

Kompyuta ya zamani ikianza kujikokota katika saiba za Kitale au Bungoma, mwenyewe hushauriwa upesi apige format: kila kitu kifutwe, Windows iwekwe upya. Kweli mashine hurudi na kasi. Lakini kasi hiyo, kwa sehemu kubwa, hutokana na jambo moja ambalo lingeweza kufanywa bila kufuta hata faili moja: kupunguza programu zinazoamka pamoja na mashine. Programu ya printa, ya simu za video, ya kusomea PDF, kila moja ikiingizwa hupenda kujiandikisha iamke pamoja na mashine. Diski ya sahani zinazozunguka husoma mahali pamoja kwa wakati mmoja, basi programu kumi zikiiomba kwa pamoja, zote husubiri. RAM ya GB 2 nayo hujaa kabla mteja hajaketi. Format huivunja foleni hiyo, kisha printa ikiunganishwa tena, foleni huanza kujipanga upya. Hati za watu zilizoskaniwa, hizo hazirudi.

Kwenye Windows 7 bofya Start, andika msconfig, bonyeza Enter, fungua sehemu ya Startup, ondoa tiki kwa usiyoihitaji, kisha uiwashe mashine upya. Tangu Windows 8 orodha hiyo imo ndani ya Task Manager. Wapo wanaohofia kuharibu kitu, na hofu yao ina msingi: kinga ya virusi isiguswe, wala programu za sauti na za padi ya kugusa. Hata hivyo kuondoa tiki si kufuta programu, ukikosea, irudishe. Tena orodha hiyo huonyesha mtengenezaji na folda ya kila programu, kwa hiyo jina lisilo na mwenyewe, linaloanzia kwenye folda ya muda, linastahili kuchunguzwa. Mara nyingi virusi vya flash hujificha hapo.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, nami nalikubali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ikaiacha mwaka 2023. Kupunguza programu za kuamkia hakuzibi pengo hilo. Mashine hiyo ibaki ya kuchapa barua na kutoa nakala. Nywila ya iTax au ya eCitizen iandikwe kwenye kompyuta ambayo bado inapokea masasisho, hasa Juni, foleni ya ritani za KRA inapofika mlangoni.