Fahamu: Waarabu wa bara ni akina nani?

Ushirombo, wilayani Bukombe, iko katika ukanda wenye miji ambayo "duka la Mwarabu" ni alama ya kuelekezana njia: Kahama, Nzega, Tabora.

Walifikaje?
Karne ya 19, wafanyabiashara wa Oman walifuata pembe za ndovu na watumwa hadi Kazeh, Tabora ya leo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliwakuta hapo Novemba 1857. Mwaka 1871 Waarabu hao walipigana na mtemi Mirambo kwa sababu ya njia za misafara. Chini ya Wajerumani na Waingereza wakaja wengine, wakiwemo Washihiri wa Yemen, wakafungua maduka vijijini.

Imani yao ni moja?
Karibu wote ni Waislamu, lakini madhehebu hutofautiana. Wengi wenye asili ya Oman ni Waibadhi, ambao huswali mikono ikiwa imening'inia. Washihiri ni Wasunni wa Shafii, hufunga mikono chini ya kifua.

Na Ushirombo?
Hapa Ukristo una mizizi mirefu: Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1891. Waislamu na Wakristo hukutana sokoni na misibani.

Ni wageni?
Familia nyingi zimechanganya damu na wenyeji, na wapo wanaozungumza Kisukuma kwa ufasaha kuliko Kiarabu. Hata hivyo, kwa kawaida sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mwenye haki ya uraia wa Oman pia hulazimika kuchagua pasipoti moja, ingawa moyo una kwao kuwili.