Nati Iliyoanguka Tumboni mwa Trekta

Wasomaji wenzangu, likizo ya Desemba iliyopita niliimaliza kwa mjomba wangu, alimaye upande wa Chimwaga, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mjomba ana trekta moja la zamani, Massey Ferguson 135, na kila mwaka mvua zikianza huwalimia watu mashamba yao kwa malipo. Huko nilitenda kosa ambalo nataka kuwaeleza, pamoja na namna tulivyolitengeneza. Wengi wetu tutashika spana siku moja, na yafaa mtu ajue mambo haya kabla hayajamfika.

Kwanza hapana budi nieleze trekta la namna hii lilivyo. Lori lina chesi, yaani vyuma virefu viwili chini yake, na juu ya vyuma hivyo ndipo injini na gia hukaa. Trekta la mjomba halina chesi. Mbele ipo injini, nyuma yake sanduku la gia, kisha sanduku la katikati lenye difu, pamoja na magurudumu makubwa. Vyote vimefungwa kwa bolti, kimoja nyuma ya mwenziwe, na masanduku hayo yenyewe ndiyo uti wa mgongo wa trekta. Likipasuka sanduku, umepasuka uti wa mgongo.

Sanduku la katikati mafundi huliita hauzingi. Mimi nitaliita tumbo, maana ndivyo lilivyo. Ndani yake imo pampu iliyozama katika oili. Pampu hiyo husukuma oili juu, oili husukuma pistoni, na pistoni huinua mikono miwili ya nyuma inayobeba plau. Aliyeueneza ulimwenguni utaratibu wa plau kushikwa na trekta kwa viungo vitatu na kuinuliwa kwa nguvu ya oili ni Harry Ferguson, mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland. Trekta lake dogo liitwalo TE20 lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946. Mwaka 1953 kazi yake iliungana na ya Massey-Harris ya Kanada, na trekta la namna ya 135 likatoka mwaka 1964. Katika trekta hilo oili ya pampu, ya gia na ya difu ni moja, kiasi cha lita 30 hivi. Kwa hiyo kitu kikianguka tumboni hakina ukuta wa kukizuia kisifike kwenye meno ya gia.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na watu wanne walikwisha mlipa mjomba malipo ya mwanzo. Lakini mikono ya trekta ilikuwa na ugonjwa: ikiinua plau, baada ya muda mfupi yashuka yenyewe. Mjomba akamwita fundi mmoja mzee, naye akasema mpira wa pistoni umekwisha. Pistoni hiyo imefungwa chini ya mfuniko mkubwa ulio chini ya kiti cha dereva. Tukaondoa kiti, tukafungua bolti, na watu watatu tukauinua mfuniko na kuulaza juu ya magogo. Tumbo la trekta likabaki wazi, jeusi, oili ikimeta chini.

Silinda ya pistoni imeshikwa kwenye mfuniko kwa nati nne. Fundi alinipa mkebe akasema, "Mwanangu, kila ukifunguacha kiingie humu." Nati tatu nikazitia mkebeni. Ya nne, kwa kuwa mkebe ulikuwa mbali kidogo, nikaitia katika mfuko wa shati. Humo mlikuwa na washa ndogo ya shaba niliyokuwa nimeiokota asubuhi tulipobadilisha bomba la dizeli. Kisha nikainama juu ya tumbo ili kufuta mahali pa kukalia gasketi. Nikasikia mlio mdogo wa chuma kugonga chuma, kisha kimya. Nikashika mfuko wangu. Ulikuwa mtupu.

Nawaambia kweli, sikusema neno. Fundi alikuwa amegeuka akinywa maji. Karibu na gurudumu palikuwa na kopo la nati kuukuu, na moja ilifanana kabisa na ile iliyopotea. Nikaichukua. Nilijua kwamba nikiitia mkebeni hesabu itatimia, mfuniko utafungwa, na kesho alfajiri trekta litakwenda shambani. Tena nilijifariji: pengine nati ile itakaa chini kwenye matope ya oili wala isiinuke.

Lakini sikuweza kuacha kufikiri juu ya lile gurudumu kubwa la meno lililo ndani ya difu. Hilo huzunguka kila trekta linapokwenda, na sehemu yake ya chini hupita katika oili. Likikizoa kipande cha chuma kigumu na kukipeleka kati ya meno yake na meno ya gia ndogo inayolizungusha, kimojawapo lazima kivunjike: ama nati, ama jino, ama sanduku lenyewe. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikairudisha nati ya uongo koponi, nikasema, "Fundi, naomba unisamehe. Nati imeniangukia ndani, pamoja na washa ya shaba."

Nilitazamia matusi. Fundi aliweka kikombe chini, akauliza, "Ni hizo mbili tu? Fikiri vizuri kabla hujajibu." Nikafikiri, nikasema ni hizo mbili. Akasema, "Basi, tunajua tunachokitafuta. Asiyejua idadi hajui lini amemaliza."

Haya ndiyo mambo tuliyoyafanya, kwa utaratibu wake.

Jambo la kwanza ni kutogusa kitu chochote kinachozunguka. Fundi alifungua waya wa betri ili mtu asije akawasha injini mikono yetu ikiwa ndani. Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mimi nalidhani kulisukuma trekta kidogo hakuna hatari maadamu injini imezimwa. Sivyo. Magurudumu ya nyuma yakizunguka, gurudumu la meno ndani ya difu nalo huzunguka, hata gia ikiwa haikuingia.

Jambo la pili ni kutazama kabla ya kutia mkono. Tulimulika kwa tochi iliyofungwa kamba. Fundi hakukubali tumulike kwa simu juu ya tundu, maana simu nayo huanguka. Pale jicho lisipofika, alitumia kipande cha kioo alichokifunga kwenye waya. Kitu kinachoanguka si lazima kifike chini. Huweza kukaa juu ya pampu, au kwenye ukingo wa ukuta, na ukikitikisa ndipo kitakwenda mahali pabaya zaidi.

Jambo la tatu ni kumwaga oili. Tulifungua kizibo cha chini polepole, oili ikapita katika kitambaa safi juu ya beseni. Kitambaa hicho hushika vitu vidogo vinavyotoka, tena hutoa habari: ukiona unga wa chuma unaong'aa, gia zinalika, ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Yetu haikuwa na maji. Nati haikutoka, wala washa.

Jambo la nne ni sumaku. Fundi alikuwa na sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Mara ya kwanza ilikuwa taabu tupu, kwa sababu ukuta wa tumbo ni chuma, na sumaku ilikimbilia ukutani ikang'ang'ania hapo. Ndipo fundi akapasua kipande cha sumaku, akakitia katika ncha ya bomba la plastiki, uso mmoja tu ukitokeza. Bomba liliitenga sumaku na kuta, na uso ule ukabaki huru kushika kilicho mbele yake. Bomba hilo pia lilifungwa uzi. Kila chombo kilichoingia tumboni kilifungwa uzi, na ncha ya uzi ilifungwa nje, ili tusije tukatafuta vitu vitatu badala ya viwili.

Nati haikuwa pale nilipodhani. Nilikuwa nimeapa kwamba ilianguka mbele, karibu na pampu. Kioo kilituonyesha kuwa imekaa nyuma kabisa, chini ya lile gurudumu la meno, upana wa kidole tu kutoka kwenye meno. Sumaku iliikosa mara mbili. Mara ya tatu tukasikia "ta," na fundi akaivuta taratibu kama mtu anayevua samaki. Nilipoiona mkononi mwake magoti yaliniishia nguvu.

Lakini washa ilikuwa bado, na jua lilikuwa linatua. Hapa ndipo mtu huvunjika moyo akasema, "Kubwa limetoka, dogo liache." Fundi alikataa. Tukafunika tumbo kwa shuka safi na juu yake turubai, kwa ajili ya vumbi.

Mkoa wetu unayajua sana madhara ya ardhi hii kwa mashine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na kazi ilianzia Kongwa, mashariki ya Dodoma. Matrekta mengi ya mwanzo yalikuwa mabaki ya vita, yaliyofika yakiwa yamechoka, na yaliharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji, na mchanga wake mkali ulisaga vyuma vya kulimia. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, wala sisemi kwamba vumbi peke yake liliuua. Lakini kitu kinachosaga chuma cha plau kitaisaga pampu pia kikiachwa kiingie.

Asubuhi ya pili tulianza tena. Sumaku haikufaa kitu, maana haivuti shaba. Kadhalika haivuti aluminiamu. Kwa vitu hivyo njia ni nyingine. Ukikiona na kina tundu, tumia ndoano ya waya. Spoku ya baiskeli yafaa sana. Kikiwa bapa na kimelala, paka grisi nzito kwenye ncha ya kijiti, ukigandamize juu yake, kitanata. Usipokiona kabisa, mimina dizeli safi kidogo kidogo ili ikisukume kuelekea tundu la kumwagia. Sisi tulimimina dizeli mara mbili, matope ya oili yakaondoka, na washa ikaonekana imelala sakafuni. Kijiti cha grisi kikaitoa.

Tukahesabu tena: nati nne, washa moja, na vyombo vyote vya kazi mahali pake. Tukafuta tumbo, tukafunga mpira mpya wa pistoni, gasketi mpya na mfuniko. Tukatia oili mpya. Kabla ya kuwasha injini tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, tukaweka magogo chini ya ekseli, nikalizungusha gurudumu kwa mkono huku fundi ametega sikio. Hapakuwa na mlio wa kukwaruza. Ndipo injini ikawashwa, polepole, na mikono ikainua plau ikakaa juu bila kushuka.

Sasa nieleze gharama yake. Tulipoteza siku mbili, na mvua haimngoji mtu. Mama mmoja, ambaye shamba lake la mtama lilikuwa la kwanza kwenye zamu, alikuja siku ile ya pili, akadai fedha yake, akaenda kutafuta trekta jingine. Alikuwa na haki. Mjomba alimrudishia kila senti. Oili mpya na siku ya pili ya fundi zikalipwa kutoka fedha ambayo mjomba alikuwa ameniahidi ya viatu vya shule. Hakunikemea. Alisema tu, "Mpwa wangu, viatu vitakuja mwakani. Difu isingekuja." Nilimwomba radhi yule mama siku ya Jumapili, alipokea, lakini hakurudi kwetu msimu ule.

Wenzangu, katika kazi hii nimejifunza mambo mengi kuhusu sumaku na grisi, lakini yote yasingefaa kitu kama fundi asingalijua kwamba kuna kilichoanguka. Aliyekiangusha ndiye shahidi wa pekee. Akinyamaza, atakayesema baadaye ni gia yenyewe, tena kwa kishindo. Basi kumbukeni haya: ziba tundu kwa kitambaa kabla ya kuinama juu yake, tia kila kitu mkebeni, hesabu unapofungua na unapofunga, na kikianguka, sema papo hapo.

Nami nilipokaribia kurudi shuleni, shangazi, mke wa mjomba, aliniazima sindano. Nikaushona mfuko wa shati langu la kazi ukafungwa kabisa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu