Simu imepotea, sauti ya babu iko wapi?

Ni saa moja usiku, Tunduma. Mama amerudi kutoka Nakonde na mzigo wake, amepita katikati ya malori yaliyopanga foleni mpakani, amefika nyumbani. Anaingiza mkono kwenye mkoba. Simu haimo.

Simu yenyewe atanunua nyingine, hata kwa kudunduliza. Kinachomkata maini ni vilivyomo: majina ya wateja wanaodaiwa, picha za mtoto tangu siku aliyozaliwa, na ujumbe wa sauti wa babu, ambaye sasa ni marehemu, akiwasalimia wajukuu kutoka Mbozi.

Mama huyu ni wa mfano tu, ila wazazi wengi wataiona simu yake kuwa kama yao. Je, sauti ile inaweza kurudi? Inategemea jambo moja: mara ya mwisho nakala ya akiba, ambayo mafundi huiita bakapu, ilichukuliwa lini.

Nakala ni kama picha ya mnato

Ukimpiga mtoto picha Jumapili, jino likang'oka Jumatano, picha haitaonyesha pengo. Nakala ya akiba nayo iko hivyo. Inahifadhi mambo yalivyokuwa saa ile, basi.

Kama WhatsApp ya mama huyu ilihifadhi nakala Jumapili usiku na simu ikapotea Alhamisi, atarudishiwa kila kitu hadi Jumapili. Oda za Jumatatu hadi Alhamisi zimekwenda. Ndiyo maana anayefanyia biashara kwenye simu ni afadhali achague nakala ya kila siku kuliko ya kila wiki au kila mwezi.

Hata wakubwa yaliwakuta. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya watoto, Toy Story 2. Kwa bahati mbaya mafaili yalifutwa kwenye kompyuta, na walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikihifadhiwa sawasawa. Aliyewaokoa ni mama mwenye mtoto mchanga, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa akifanyia kazi huko huku akilea. Kompyuta yake ilifungwa kwa mablanketi ikarudishwa ofisini kwa gari, kwa mwendo wa taratibu. Haikuwa na kazi ya siku ile ile, lakini ilitosha kuanzia.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni bando. Simu nyingi za Android zimewekwa zihifadhi nakala kwa Wi-Fi tu. Nyumba isiyo na Wi-Fi inaweza kumaliza mwaka bila nakala hata moja, na mwenye simu asijue. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya soga, kisha nakala rudufu. Soma tarehe ya mwisho. Kama ni ya zamani, ruhusu itumie data ya simu, na uondoe video ili bando lisiishe.

Wa pili ni nafasi. Google hutoa GB 15 za bure, na tangu 2024 nakala za WhatsApp zinahesabiwa humo pamoja na barua pepe na picha. Zikijaa, nakala mpya haiingii.

Wa tatu ni laini. Mfanyabiashara wa mpakani aghalabu ana laini ya Tanzania na ya Zambia. Nakala hurudi kwa namba ile ile iliyoitengeneza, na kwa akaunti ile ile ya Google. Anayesahau kama WhatsApp yake iko kwenye namba ya huku au ya ng'ambo atahangaika bure.

Siku ya kurudisha

Ukipoteza simu, toa taarifa polisi, kisha nenda kwa wakala wa mtandao wako na namba ya NIDA urudishiwe laini kwa alama za vidole. Kwenye simu mpya, ingia kwanza kwenye akaunti yako ya Google ya zamani, halafu ndipo usakinishe WhatsApp na kuweka namba yako. Itakuuliza kama urejeshe nakala. Kubali.

Hapo ndipo haraka huponza. Ukiruka swali hilo kwa kuwa bando ni dogo, utaanza na WhatsApp tupu. Ikifika zamu ya kuhifadhi nakala mpya, hiyo tupu hukaa juu ya ile ya zamani kule Google, nayo ya zamani hairudi tena. Ni heri kusubiri hadi upate bando la kutosha.

Na kama simu ipo, ila mtoto amefuta soga akichezea? Simu ya Android huhifadhi pia nakala ndani yake saa nane usiku, na huweza kutunza za hadi siku saba. Zuia kwanza nakala ya usiku huo kwenda Google, kisha mpelekee fundi unayemwamini. Kumbuka kuwa ukirudi kwenye nakala ya juzi, ujumbe wa jana unaupoteza.

Waliofunga nakala zao kwa nenosiri nao wawe makini: likisahaulika, hata WhatsApp hawawezi kuifungua. Liandike, ulihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Vile vya thamani kupita vyote visiachwe sehemu moja. Sauti ya babu itume leo kwa shangazi aliye Vwawa na kwa mjomba aliye Mbeya. Siku simu itakapopotea, mmoja wao atakurudishia.