Petroli yenye ethanoli: injini yako itaipokeaje?

Bodaboda anayejaza lita mbili Bariadi mjini asubuhi, kisha mchana akaongeza lita moja ya chupa kule Nkololo au Dutwa, tayari ana mafuta ya vyanzo viwili ndani ya tanki moja. Mara nyingi halitokei lolote. Siku nyingine pikipiki inaanza kukohoa, inakosa nguvu kwenye mwinuko, na fundi akifungua plagi anaikuta nyeupe kama chokaa au nyeusi tii. Kwa kijana ambaye chombo ni cha mkataba na hesabu ya bosi inasubiriwa jioni, hiyo ni siku ya hasara.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo wasikilizaji wanatuuliza: eti siku hizi petroli inawekwa spiriti?

Kwa Tanzania, hakuna sheria inayolazimisha petroli ya pampu kuchanganywa na ethanoli. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati ya mimea mwaka 2010, na kiwanda cha sukari cha Kilombero mkoani Morogoro kinatengeneza ethanoli kutokana na molasi, ila hiyo huenda zaidi kwenye viwanda vya vinywaji. Majirani wametangulia. Malawi inachanganya tangu 1982. Kenya ilijaribu miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni, kisha ikaacha. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2020 inayoruhusu mchanganyiko wa hadi asilimia 20. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali, na anayevuka mpaka na gari lake anaweza kukutana nalo leo.

Ethanoli ni pombe ileile iliyomo kwenye bia na gongo, inayotokana na miwa, mahindi au mtama. Ikiwa safi, inawaka vizuri na haigongishi injini hovyo. Shida yake iko kwenye kipimo. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kilo moja ya ethanoli inahitaji kilo 9 tu. Pia lita moja ya ethanoli ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli kwa karibu theluthi moja. Maana yake, kwa hewa ileile inayoingia kwenye injini, unatakiwa kuingiza mafuta mengi zaidi. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inataka nyongeza ya kama asilimia 4. Ikiwa asilimia 20, nyongeza inakaribia asilimia 8. Ikifika asilimia 85, unahitaji kuongeza kwa asilimia 40 hivi.

Sasa nani anaongeza hayo mafuta? Kwenye pikipiki ya kabureta, hakuna. Kabureta ni tundu na sindano. Haijui kilichomo ndani ya tanki. Mafuta yakibadilika, yenyewe inapitisha kiasi kilekile, hivyo injini inapata hewa nyingi na mafuta machache. Inapata moto kuliko kawaida, inasita ukivuta mafuta ghafla, na plagi inakuwa nyeupe. Ukiendesha hivyo muda mrefu na mzigo wa gunia mbili za pamba nyuma, unaweza kuunguza vali au pistoni.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo mafundi wachache hulitaja. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto Simiyu unateremka kwenda ziwani, kwa hiyo Bariadi, Itilima na Meatu ziko juu zaidi ya hapo. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani, ikifika huku inatoa mafuta mengi kidogo kuliko yanayohitajika. Ethanoli kidogo, tuseme asilimia 10, ingevuta upande wa pili na kusawazisha. Ndiyo maana pikipiki inayolalamika ikiwa Dar es Salaam kwa mafuta fulani inaweza kutulia kabisa ikiwa Bariadi. Si uganga.

Gari la sindano za umeme, kama Probox au Noah zinazopakia abiria kwenda Lamadi na Maswa, ni habari nyingine. Ndani ya bomba la moshi kuna kihisi kinachopima hewa ya oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Kompyuta ya gari inasoma hapo na kuongeza au kupunguza mafuta. Mchanganyiko mdogo wa ethanoli inaumudu bila wewe kujua, isipokuwa utaona lita zinaisha mapema kidogo. Ikizidi uwezo wake, taa ya injini inawaka. Tatizo la magari haya ni mipira na plastiki. Mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na huko kiwango kinachoruhusiwa kwa gari la kawaida ni ethanoli asilimia 3 tu. Kwa pikipiki za kutoka India hali inaanza kuwa tofauti, kwa sababu nchi hiyo ilifikisha mchanganyiko wa asilimia 20 mwaka 2025, na viwanda vyake vimelazimika kubadili vifaa. Usidhani tu kwamba na yako imo: soma kijitabu chake au kibandiko cha kwenye tanki.

Wanaoumia zaidi na jambo hili ni watu wa magari ya kasi. Hawa wanaipenda ethanoli. Inapoingia kwenye injini inapoza hewa, na inavumilia mgandamizo mkubwa bila kugonga, hivyo fundi anaweza kuwahisha cheche na kuongeza msukumo wa tabo. Nguvu inapanda sana. Huko Marekani kuna pampu zimeandikwa asilimia 85, lakini kwa kanuni zao kilichomo kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 51 na 83, kufuatana na msimu na mahali. Hebu fikiria fundi aliyepanga gari kwa 83, halafu mwenye gari akajaza ya 51. Mafuta yamezidi, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba cheche bado inawahi kama vile mafuta ni yale yenye uvumilivu. Injini inagonga, na kwa nguvu ile pistoni inaweza kutoboka ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana mafundi makini hufunga kihisi kwenye bomba la petroli, kinachopima tabia ya umeme ya mafuta yanapopita na kuiambia kompyuta ni asilimia ngapi ya ethanoli. Kompyuta inabadili kiasi cha mafuta na muda wa cheche papo hapo. Brazili wamefanya hivyo kwa magari ya kawaida tangu 2003, wengi wao bila hata kihisi hicho, kwa kusoma oksijeni ya moshi tu. Dereva wa huko anajaza petroli leo na ethanoli kesho.

Turudi kwenye maji, maana kwa kijijini hili ndilo la kuogopa. Petroli na maji havichanganyiki. Maji hukaa chini ya dumu. Ethanoli inapenda maji, inayavuta hata kutoka kwenye hewa ya masika. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaweza kubeba maji kama nusu ya asilimia moja tu. Yakizidi hapo, ethanoli inaachana na petroli na kushuka chini pamoja na maji, pale hasa ambapo bomba la tanki linanyonya. Pikipiki inazima na haiwaki tena. Mafuta ya namna hiyo hayafai kulala wiki kadhaa kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa mfuko.

Hapo pia ndipo lilipo jibu kwa wanaotania kwamba gongo ingetosha. Gongo ina maji mengi mno. Hata mtambo mzuri wa kuchemsha kwa njia ya kawaida hauvuki asilimia 96 hivi. Maji yaliyobaki yanahitaji njia nyingine ya kiwandani kuyaondoa. Ukimimina gongo kwenye tanki, umemwaga maji kwenye tanki.

Lakini tuseme ukweli: ukipata petroli mbaya Simiyu, cha kwanza kushuku ni mafuta ya taa. Neno uchakachuaji lilienea nchini kwa sababu yake. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wanaochanganya, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ipungue. Dalili zake ni kinyume na za ethanoli. Moshi unaongezeka, plagi inakuwa nyeusi, injini inagonga ikipanda mlima, na oili inakuwa nyepesi kwa sababu mafuta ya taa yasiyoungua yanashuka ndani yake.

Unaweza kupima mwenyewe. Kwa mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, iache ikauke. Petroli safi inapotea. Ikibaki alama ya mafuta, shaka ipo. Kwa ethanoli, chukua chupa nyembamba ya kioo iliyonyooka na bomba la sindano la kupimia. Weka mililita 50 za maji yenye chumvi, kiasi cha gramu 100 kwa lita, kisha mililita 50 za petroli. Tia alama pale yanapokutana. Funga, pindua taratibu mara kumi, legeza kifuniko kutoa hewa, acha robo saa. Mstari wa maji ukipanda kwa mililita 5, petroli ilikuwa na ethanoli kama asilimia 10. Ukipanda kwa 10, ni asilimia 20. Usipopanda, hakuna. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, na mafuta hayo usiyarudishe kwenye tanki.

Ukikuta ethanoli na plagi ni nyeupe, usimruhusu fundi atoboe jeti kwa waya. Tundu hilo halirudi tena. Aanze kwa kupandisha sindano ya kabureta ngazi moja, arekebishe skrubu ya hewa hadi injini itulie ikiwa imesimama, kisha aangalie plagi baada ya safari. Rangi inayotafutwa ni kahawia ya udongo mkavu. Ukibadili kituo cha mafuta, irudishe sindano mahali pake. Ethanoli pia huoshesha uchafu wa zamani wa tanki, hivyo badilisha chujio mapema.

Na ukijaza kituoni, dai risiti. Bila risiti, malalamiko yako kwenye ofisi ya EWURA Kanda ya Ziwa, Mwanza, hayatakuwa na pa kuanzia.