UKARABATI NA UBORESHAJI WA ROBOTI YA MAPAMBANO ILIYOUNDWA NYUMBANI KABLA YA MASHINDANO

1.0 Utangulizi

Mashindano ya roboti za mapambano yalianza kupata umaarufu mwaka 1994, Marc Thorpe alipoandaa Robot Wars jijini San Francisco, Marekani. Mwaka 1998 shindano lenye jina hilo lilianza kuonyeshwa na BBC nchini Uingereza, na mwaka 2000 BattleBots ikaingia katika televisheni za Marekani. Watazamaji wengi huzifahamu roboti kubwa za BattleBots, ambazo uzito wake hauzidi ratili 250, yaani takriban kilo 113. Hata hivyo, yapo pia madaraja madogo ambayo roboti zake huundwa juu ya meza ya nyumbani. Makala hii inajikita katika daraja la ratili 3, sawa na takriban kilo 1.36, ambalo jina lake la Kiingereza humaanisha uzito wa mbawakawa.

Siku za mwisho kabla ya mashindano humweka muundaji katika mvutano. Kwa upande mmoja, roboti ina majeraha ya pambano lililopita. Kwa upande mwingine, yeye mwenyewe ana hamu ya kuipa silaha kali zaidi. Hoja ya makala hii ni kwamba ukarabati hauna budi kutangulia uboreshaji, na kwamba kila uboreshaji una gharama yake.

2.0 Kubaini Hasara

Hasara ya pambano ni ya aina mbili. Ipo inayoonekana, kama vile mikwaruzo ya ganda na magurudumu yaliyokatika. Ipo pia iliyojificha: ekseli iliyopinda kidogo, beringi iliyopasuka, skrubu iliyolegea na waya ulioachana nusu na mahali ulipolehemiwa. Aina hii ya pili ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa roboti inaweza kutembea vizuri mezani kisha ikazima inapopata pigo la kwanza ulingoni.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi huanza kwa kuchomoa betri na kuizungusha silaha kwa mkono. Silaha inayokwama sehemu moja ya mzunguko huashiria ekseli au beringi mbovu. Baada ya hapo, kila waya huvutwa kwa upole na kila skrubu hujaribiwa kwa bisibisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika roboti, ufa mdogo wa kiungo cha waya unaweza kugharimu pambano zima.

3.0 Ukarabati

Kiungo cha waya kilichopasuka hulehemiwa upya, kisha waya hufungwa kwenye fremu ili mtetemo usikivute kiungo chenyewe. Skrubu zinazoingia katika chuma hutiwa gundi maalumu inayozuia kulegea. Ekseli iliyopinda hubadilishwa badala ya kunyooshwa, kwa sababu chuma kilichokwisha kupinda hupinda tena kwa urahisi.

Betri huhitaji uangalifu wa pekee. Kila seli ya lithiamu-polima huwa na volti 4.2 inapojaa, na huharibika ikishushwa chini ya volti 3 hivi. Betri iliyovimba au kutobolewa haikarabatiwi; huondolewa kabisa, kwani inaweza kuwaka moto hata ikiwa imewekwa tu. Betri nzima nayo huchajiwa ndani ya chombo kisichoshika moto, huku mtu akiwa karibu.

4.0 Uboreshaji na Gharama Zake

Tuchukulie mfano wa silaha ya upau wa chuma wenye gramu 300 na urefu wa sentimita 20, unaozunguka mara 8,000 kwa dakika. Nishati yake ni takriban jouli 351, inayotosha kuinua roboti ya kilo 1.36 hadi kimo cha mita 26 hivi. Kwa kuwa nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kupandisha mizunguko hadi 10,000 huifikisha jouli 548. Kuongeza uzito wa upau kwa asilimia 25, bila kubadilisha urefu wala kasi, huifikisha jouli 439 tu.

Hesabu hiyo inaweza kumshawishi muundaji kuongeza kasi pekee. Hata hivyo, silaha haina budi kung'ata ili itoe nishati yake. Roboti inayosogea mita 2 kwa sekunde, yenye upau wa meno mawili unaozunguka mara 8,000 kwa dakika, hung'ata kina kisichozidi milimita 7.5. Mizunguko ikifika 10,000, kina hicho hushuka hadi milimita 6. Kasi ikizidi, silaha huweza kuparuza tu ganda la mpinzani. Aidha, kila gramu inayoongezwa kwenye silaha lazima itolewe kwingine, mara nyingi kwenye ganda.

5.0 Majaribio na Usalama

Roboti iliyobadilishwa hupimwa kwenye mizani ikiwa kamili, pamoja na skrubu na nyaya zote, kwa sababu inayozidi uzito hairuhusiwi kupigana. Jaribio la pili ni la kuzima rimoti: silaha na magurudumu lazima vikome kupokea nguvu mara tu mawasiliano yanapokatika. Silaha yenyewe hujaribiwa ndani ya kizimba imara tu, na kizuizi chake huondolewa mwisho kabisa. Jouli 351 hazitofautishi chuma na kidole.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa maandalizi ya roboti ya mapambano ni kazi ya kupanga vipaumbele. Pambano la kawaida huchukua dakika 3, na roboti inayoendelea kutembea hadi mwisho ina nafasi ya kushinda hata kama silaha yake ni ya wastani. Hivyo basi, muundaji aliyebakiwa na usiku mmoja atafaidika zaidi kwa kukagua viungo na kuandaa vipuri kuliko kwa kufunga mota mpya ambayo haijawahi kujaribiwa.