Mashine ya Plasma Ikae Wapi? Uliza Upepo Kwanza

Anayeleta nyumbani mashine ya kukatia chuma kwa plasma kwa kawaida huiweka karibu na soketi, au kwenye kona iliyobaki baada ya grenda, meza na mashine ya kuchomelea kupata nafasi zao. Kwa grenda mpangilio huo unafaa. Kwa plasma haufai, maana kazi yote ya chombo hiki ni ya hewa: kinaipokea kutoka kwenye kompresa ikitakiwa kuwa safi na kavu, kisha kinaitoa ikiwa imejaa moshi wa chuma. Hoja yangu ni kwamba njia ya hewa ndiyo iamue mahali pa kukatia, umeme ufuate baadaye. Waya unaweza kurefushwa, upepo hauhamishiki.

Teknolojia hii ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, na Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide alipata hataza yake mwaka 1957. Hewa iliyoshindiliwa hupitishwa kwenye tundu jembamba la nozo ya shaba, tao la umeme likaipasha moto mpaka atomi zake zikaachia elektroni, nayo ikawa plasma ambayo joto lake linaweza kuzidi nyuzi 20,000 za Selsiasi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, hivyo sehemu yake haiishii kuyeyuka bali hugeuka mvuke kabisa. Zinki iliyopakwa kwenye mabati na kwenye mabomba huchemka kwa nyuzi 907 tu. Mvuke huo ukikutana na hewa baridi huganda kuwa chembe ndogo kuliko elfu moja ya milimita, na chembe za namna hiyo hazitui upesi: huelea chumbani muda mrefu baada ya tochi kuzimwa. Ukikata stenlesi, ndani ya moshi mna aina ya kromi iitwayo kromi sita, inayosababisha saratani. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea vyuma katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Atasema mtu: hayo ni ya kiwandani, mimi nakata dakika kumi Jumamosi. Nalielewa pingamizi hilo, lakini ushahidi wa zinki unalikataa. Aliyevuta moshi wa mabati mchana anaweza kushikwa jioni au usiku na baridi, homa, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni, na kesho yake akaamka nafuu akidhani ilikuwa malaria. Madaktari wa viwandani waliiita homa hii "homa ya Jumatatu", kwa sababu mwili wa anayevuta moshi kila siku huuzoea kwa muda, na mazoea hayo hupotea akipumzika siku mbili tu. Kwa hiyo anayekata mara moja kwa wiki haukuti moshi akiwa ameuzoea hata siku moja. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi wakidhani yanasafisha moshi huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Barakoa yenye chujio zuri la vumbi inasaidia sana na ivaliwe, ila haizuii oksidi za nitrojeni ambazo joto la tao huziunda kutokana na hewa yenyewe.

Basi meza ya kukatia iwe mdomoni mwa mlango mkubwa, na mkataji asimame upepo ukimpitia ubavuni, ukichukua moshi kwenda nje kabla haujafika usoni. Hapa mkazi wa pwani ana kazi ya ziada, kwani upepo wake una misimu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu kutoka kusini, na mlango uliotoa moshi vizuri mwezi wa Januari unaweza kuurudisha ndani mwezi wa Julai. Meza yenye magurudumu na uwazi wa pili ukutani ni bora kuliko meza iliyojengewa zege. Feni inayompulizia mkataji usoni huchanganya tu moshi na hewa ya chumba. Feni hiyohiyo ikipachikwa dirishani ikipuliza nje, inafanya kazi ya maana.

Kwa nini basi usikatie uani moja kwa moja? Kwa moshi, uani ni pazuri kuliko popote. Lakini mvua na umeme havipatani, mwanga mkali wenye urujuanimno unawafikia watoto na majirani wasio na miwani ya giza, na ekstensheni ndefu nyembamba inakula umeme. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampea 25, hupoteza volti 17 hivi na kutoa joto la zaidi ya wati 400, hatari hasa ukiachwa umeviringishwa. Mashine ya ampea 40 inastahili laini yake yenyewe kutoka mainswichi, yenye waya mnene, mpaka pale mlangoni.

Kompresa nayo isibanane na meza, na sababu yake ni maji. Hewa ya Mombasa au Tanga yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Tochi inayotumia lita 150 kwa dakika humeza mita za ujazo 9 kwa saa, yaani zaidi ya gramu 200 za maji: glasi nzima. Chujio lililofungwa mdomoni mwa kompresa halikamati kingi, kwa kuwa hewa hapo bado ni ya moto na maji bado ni mvuke. Yanapita, yanapoa ndani ya mpira, yanafika kwenye tochi yakiwa matone. Utaona tao likitematema, ukingo wa mkato ukiyumba, na ukifungua tochi utakuta tundu la nozo limekuwa yai na kishimo cha hafni kwenye elektrodi kimechimbika. Kompresa ikae upande ambako upepo unaingilia, bomba la chuma la mita kadhaa lililoinamishwa kidogo lipooze hewa njiani, na chujio lifungwe mwishoni, karibu na mashine.

Mashine yenyewe isogezwe mbali na meza kadiri waya wa tochi unavyoruhusu, kwani feni yake ya kupoza huvuta vumbi la chuma hadi kwenye saketi, na vumbi hilo hupitisha umeme. Kuhusu cheche, kanuni za usalama za Marekani hutaka vitu vinavyoshika moto viwe umbali wa mita 11 hivi au vifunikwe kwa kitu kisichoungua. Karakana nyingi za nyumbani hazina mita 11. Hivyo rangi, tina, petroli ya jenereta na mtungi wa gesi ya kupikia vitafutiwe chumba kingine kabla mashine haijaletwa.