Rubani Aliyepiga Picha Barafu ya Kibo

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa Moshi ainuapo macho kuelekea kaskazini huiona Kibo ikiwa na mabaki machache ya barafu. Mnamo Januari 1930 mtu mmoja alikiona kilele hicho kutoka juu, akiwa ndani ya ndege, na barafu aliyoiona ilikuwa kubwa zaidi. Mtu huyo ni Walter Mittelholzer, Mswisi anayehesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka juu ya Kilimanjaro.

Mittelholzer alizaliwa mwaka 1894, mtoto wa mwoka mikate. Alipata leseni ya urubani mwaka 1917, na miaka miwili baadaye akashiriki kuanzisha kampuni ya kusafirisha abiria na kupiga picha kutoka angani. Mwaka 1920 kampuni hiyo iliunganishwa na Ad Astra Aero, naye akawa mkurugenzi na rubani wake mkuu. Kati ya Desemba 1926 na Februari 1927 alisafiri kwa ndege kutoka Zürich hadi Cape Town kwa siku 77. Swissair ilipoundwa mwaka 1931, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wake wa ufundi. Vitabu na filamu za safari zake zilikuwa pia njia ya kuitangaza biashara ya usafiri wa anga, ambayo watu wengi walikuwa bado wakiiogopa.

Kuipita Kibo hakukuwa jambo jepesi. Kilele chake kina urefu wa mita 5,895, na huko kanieneo ya hewa ni chini ya nusu ya ile ya pwani. Hewa ikiwa nyembamba, injini hupata oksijeni kidogo na nguvu zake hupungua. Mabawa nayo hushindwa kuibeba ndege vizuri isipokuwa iongeze mwendo. Rubani mwenyewe huishiwa pumzi. Kwa hiyo hata ndege ya Fokker yenye injini tatu, aliyoitumia Mittelholzer, ililazimika kupanda polepole.

Thamani ya picha zake imezidi kuonekana kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Joto la wastani kileleni bado liko chini ya nyuzi sifuri, hivyo kuyeyuka si sababu pekee. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki imekuwa kavu zaidi. Theluji inayoanguka haitoshi kufidia barafu inayopotea, na jua kali huigeuza sehemu ya barafu hiyo kuwa mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji kwanza.

Je, mifongo ya Wachagga itakauka barafu ikiisha? Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inyeshayo kwenye ukanda wa msitu, wala si barafu. Anayeutazama mlima hana budi basi kuuchunguza msitu kwa makini yale yale.

Mittelholzer alifariki mwaka 1937 katika ajali ya kupanda mlima huko Austria. Picha zake zimehifadhiwa Zürich, katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH. Shule iliyopo Moshi, Marangu au Machame haihitaji ndege ili kuiendeleza kazi hiyo. Yatosha kupiga picha ya Kibo na ya msitu kila mwaka, mwezi ule ule, kutoka mahali pale pale, na kuandika tarehe nyuma yake.